Mwalimu wa historia Gisenyi na somo lililomfuata nyumbani

GISENYI – Saa mbili asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mji wa Gisenyi huwa kimya kuliko hata Jumapili. Maduka ya Mbugangari yamefungwa, pikipiki za abiria hazionekani, na njia ya kwenda mpaka mdogo, ambayo siku nyingine hujaa wanawake wenye mabeseni na magunia kichwani, ina watu wa kuhesabika. Wengine wote wako kwenye umuganda.

Pembeni mwa mtaro mmoja unaoteremka kuelekea mto Sebeya, wanaume na wanawake wapatao sitini wanatoa matope kwa majembe na koleo. Katikati yao yuko bwana mmoja aliyevaa buti za mpira na kofia ya timu ya Etincelles. Anachimba polepole kuliko wenzake, maana kila baada ya muda mfupi kuna mtu anamsimamisha kumwuliza jambo. Wote wanamwita Mwalimu. Anafundisha historia na uraia katika shule moja ya sekondari mjini hapa, ana miaka arobaini na kidogo, na ameomba jina lake lisiandikwe. Hamwogopi mwajiri wake wala mkuu wa umudugudu. Ni kwamba sehemu ya anayoyaeleza inawahusu ndugu zake wa tumbo moja, ambao bado hawajamaliza kusameheana.

Mtaro huo si wa kuchezea. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha milimani, Sebeya ikatoka kwenye kingo zake na kuingia majumbani. Katika mikoa ya Magharibi, Kaskazini na Kusini mafuriko na maporomoko ya udongo ya usiku huo yaliua watu zaidi ya 130, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Tangu hapo hakuna anayehitaji kuhimizwa kuja kuzibua mitaro. Anayechelewa huchekwa na majirani kabla ya kuulizwa na viongozi.

Kazi inaisha saa tano. Watu wanakaa kwenye majani, mkuu wa umudugudu anasoma matangazo: michango ya bima ya afya, zamu za ulinzi wa usiku, watoto wawili walioacha shule. Kisha kijana mmoja anasimama na kuuliza swali ambalo huenda alikuja nalo kutoka nyumbani. Anataka kujua kama umuganda ni mila ya Wanyarwanda kweli au ni amri ya serikali tu. Vicheko vinasikika. Mkuu wa umudugudu, kwa busara, anamgeukia Mwalimu.

Jibu lake halikuwa fupi. Kwa asili, alieleza, umuganda ni mti. Ni nguzo inayosimikwa ardhini mtu anapojenga nyumba. Zamani aliyejenga aliwaita majirani, nao wakaja na miti na nyasi, na jioni mwenye nyumba akawapa pombe ya ndizi. Hakuna aliyeandika majina ya waliokuja na ambao hawakuja, ingawa kila mtu aliyajua. Baadaye zikaja kazi za namna nyingine: uburetwa, ambamo mtu alimfanyia chifu kazi bila malipo ili aendelee kulima ardhi, na ambao Wabelgiji waliukuta, wakaukaza, na kuuondoa mwaka 1949. Mwaka 1974 serikali ya Rais Habyarimana ikalichukua neno umuganda na kulifanya jina la kazi ya lazima ya kila wiki.

Hapo Mwalimu alinyamaza kidogo. Kisha akasema lile ambalo wazee waliokaa nyuma walikuwa wakilisubiri au kuliogopa: kwamba mwaka 1994 wauaji waliitana kwenda kuua kwa maneno yaleyale ya kwenda kazini, na kwamba majembe na mapanga yaliyobebwa asubuhi hiyo yalikuwa yaleyale ya mashambani. Umuganda wa leo uliwekwa kwa sheria ya mwaka 2007, na unamhusu kila mkazi mwenye miaka 18 hadi 65.

“Ukiitwa kazini,” alimwambia kijana yule, “uliza kwanza nyumba inayojengwa ni ya nani.”

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja aliinuka kukung’uta sketi yake, mkuu wa umudugudu akashukuru, watu wakaanza kutawanyika. Kijana alibaki akisafisha koleo lake kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Somo lililonyamazishwa

Ili kuelewa kwa nini mwalimu wa historia anasimamishwa kwenye mtaro kuulizwa maswali, ni lazima kukumbuka kwamba nchini Rwanda somo hilo lilikaa muda mrefu bila kufundishwa. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, serikali ilisimamisha ufundishaji wa historia ya Rwanda shuleni. Sababu ilieleweka. Vitabu vya zamani vilikuwa vimewafundisha watoto kwamba jirani yao ni mgeni aliyetoka mbali, na walimu wenyewe wengine walikuwa wameuawa, wengine gerezani, wengine uhamishoni. Somo likarudi taratibu. Mtaala unaotumika sasa, uliozinduliwa mwaka 2015, unaliunganisha na uraia katika madarasa ya chini ya sekondari, na unamtaka mwalimu asimamie mjadala badala ya kuamuru watoto wakariri.

Mwalimu huyu ni wa kizazi kilichokaa katikati. Alianza shule kabla ya 1994, akamaliza sekondari bila kufundishwa vizuri historia ya nchi yake, kisha chuoni akaambiwa ajiandae kuifundisha. Alisoma kwa Kifaransa. Tangu uamuzi wa 2008 wa kubadili lugha ya kufundishia anafundisha kwa Kiingereza, mambo yakiwa magumu anaeleza kwa Kinyarwanda, na mwanafunzi akitaka kubisha kweli hubisha kwa Kiswahili cha sokoni. Bunge lilipokipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, watu wa Gisenyi walishangaa kidogo, maana wao hawakuwa wamesubiri Bunge. Lugha hiyo iliingia hapa pamoja na askari wa Wajerumani na wafanyabiashara, ikabaki na wafanyabiashara.

Ramani ni zana yake anayoipenda. Huchora ubaoni ziwa Kivu, volkano ya Nyiragongo na mto Sebeya, kisha huwaambia wanafunzi wachore mpaka. Wengi huuchora mahali sahihi, katikati ya nyumba na nyumba. Halafu huwauliza ni mlima gani au mto gani uliousababisha upite hapo. Hakuna. Uliamuliwa mjini Brussels mwaka 1910, na Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, na miaka sita baadaye Wabelgiji walipovuka kuwafukuza Wajerumani katika Vita ya Kwanza ya Dunia, mstari ule haukuondoka. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022. Kwa karatasi, Gisenyi na Goma sasa ni watu wa jumuiya moja. Mwalimu hulisema hili bila kejeli, lakini pia bila shangwe. Wanafunzi wake wana mashangazi upande wa pili, na wanajua kwamba saa za kufungwa kwa mpaka hufuata hali ya usalama kuliko zinavyofuata mikataba.

Jina lako lilitoka wapi

Kwa miaka kadhaa kazi yake ya kwanza kwa darasa jipya ilikuwa moja: nenda nyumbani, uliza jina lako lilitoka wapi.

Ni kazi nzuri kwa nchi kama hii. Mnyarwanda harithi jina la ukoo kama Mzungu. Kila mtoto hupewa lake, na jina aghalabu ni sentensi. Harerimana ni kusema kwamba Mungu ndiye hulea. Hakizimana, kwamba Mungu ndiye huponya, na mara nyingi kuna ugonjwa nyuma yake. Banyangiriki ni swali, wananichukia kwa lipi, na ukilikuta kijijini ujue kulikuwa na ugomvi uani mwaka huo. Mtaalamu anayetaka kujua hofu na matumaini ya watu waliokuwa hawaandiki, asema Mwalimu, aanze na orodha ya ubatizo.

Kuna pia namna ya kulitoa jina. Siku ya nane baada ya kuzaliwa, watoto wa majirani huitwa, hupewa vijiti wakajifanya wanalima shamba, kisha hunawa na kula pamoja chakula kinachoitwa ubunnyano. Wakishakula, kila mtoto humtajia mama jina analompa mchanga. Wengine hutaja majina ya kuchekesha. Wazazi hutoa lao baadaye, lakini watoto husema kwanza. Leo familia nyingi za mjini zimeuacha utaratibu huo, jina hupatikana hospitalini kwa ajili ya cheti, na watalii wanalijua neno kwita izina kwa sababu ya sherehe za kuwapa majina watoto wa sokwe. Mwalimu hana ugomvi na sokwe. Anasikitika tu kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kueleza sherehe ya sokwe vizuri kuliko ya kwake mwenyewe.

Basi mwaka mmoja watoto walirudi na majibu, wakasoma mmoja mmoja, darasa likacheka na kushangaa. Akafika binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Karatasi yake ilikuwa tupu. Alisema mama yake alimwambia aulize kitu kingine.

Mwalimu alipokea karatasi ile kama zilivyo nyingine na kuendelea. Baadaye alijua kwamba mama huyo alinusurika peke yake katika nyumba ya watu tisa, na kwamba jina la binti lilikuwa la dada aliyekufa. Ulikuwa mwezi wa Machi. Tarehe 7 Aprili, kuanza kwa kipindi cha kumbukumbu, ilikuwa imekaribia, na huo ni wakati ambao nyumba kama hiyo haihitaji swali la ziada kutoka shuleni.

Hakuiacha kazi ile, aliibadilisha. Sasa mwanafunzi anaweza kueleza jina lake, au la mtu yeyote atakayekubali kuulizwa, au jina ambalo angempa mtoto na sababu yake. Walimu wenzake wengine humwambia amelegeza. Yeye huona kwamba hapo awali alikuwa akidai kitu asichokuwa na haki nacho. Katika darasa moja ana watoto wa walionusurika, watoto ambao babu zao walihukumiwa na gacaca, watoto wa waliorudi kutoka Kongo na Uganda baada ya kuishi ukimbizini tangu 1959, na wapo ambao ni yote hayo kwa pamoja. Mahakama za gacaca zilifungwa Juni 2012 zikiwa zimesikiliza kesi karibu milioni mbili. Kesi ziliisha. Chakula cha jioni kinaendelea kupikwa katika nyumba zilezile.

Tarehe 1 Februari

Sikukuu ya Mashujaa, kila tarehe 1 Februari, Gisenyi ina shujaa wake wa kumzungumzia. Félicité Niyitegeka hakuzaliwa hapa, lakini hapa ndipo alipofia. Alikuwa mtawa wa kilei wa shirika la Wasaidizi wa Utume, akisimamia Kituo cha Mtakatifu Petro mjini Gisenyi. Yeye alihesabiwa Mhutu. Aprili 1994 aliwaficha Watutsi kituoni na kuwasaidia kuvuka usiku kwenda Goma, ambayo wakati huo ilikuwa Zaire.

Kaka yake alikuwa kanali wa jeshi. Alipojua dada yake yuko hatarini alimpelekea ujumbe aondoke, akijitolea kumwokoa. Félicité alimjibu kwa barua kwamba hatawaacha watu 43 aliokuwa nao, na kwamba ni heri afe nao kuliko kujiokoa peke yake. Tarehe 21 Aprili walichukuliwa wote hadi mahali panapoitwa Commune Rouge, wakauawa, naye pamoja nao. Leo pale pana makumbusho, na jina lake limo katika daraja la Imena, pamoja na wanafunzi wa Nyange ambao Machi 1997 walikataa kujitenga kwa makabila mbele ya washambuliaji wenye bunduki.

Mwalimu huwapeleka wanafunzi Commune Rouge kwa miguu. Njiani wanapiga kelele kama kawaida ya vijana, wakifika wananyamaza wenyewe. Maswali huja wakati wa kurudi, na swali linalojirudia kila mwaka halihusu siasa. Wanauliza: mwalimu, kwa nini hakumsikiliza kaka yake?

Katika nyumba za Rwanda, kama katika nyumba nyingi za eneo hili, kaka mkubwa akizungumza dada hunyamaza. Wanafunzi wanalijua hilo kuliko wanavyoijua katiba. Mwalimu anakiri kwamba kwa miaka mingi alikuwa akijibu haraka, kwamba Félicité alitii dhamiri yake, kisha akabadilisha mazungumzo. Lilikuwa jibu sahihi kwa mtihani. Siku hizi huwarudishia swali: kaka yake alimpenda au hakumpenda? Wanafunzi hubishana hadi lango la shule. Wengi husema alimpenda, na hapo ndipo wanapoanza kuona uzito wa kumkatalia.

Msemaji wa harusi

Jumamosi ambazo si za umuganda, Mwalimu ana kazi nyingine inayomwingizia heshima kubwa kuliko ualimu. Ni msemaji wa familia katika gusaba, sherehe ya kuomba mchumba na kutoa mahari.

Aliyewahi kuhudhuria anajua ilivyo. Familia mbili hukaa zikitazamana chini ya mahema. Msemaji wa upande wa bibi harusi hujifanya hajui wageni wamefuata nini. Wa upande wa bwana harusi hueleza kwa mafumbo, hutaja koo, hukumbusha ng’ombe ambao babu wa huyu alimpa babu wa yule, hudaiwa makosa ya miaka sitini iliyopita na kuyalipia kwa utani. Mahari ni ng’ombe, au fedha zinazoitwa ng’ombe, na mchungaji huingia kuwasifu kwa mashairi hata kama wako malishoni kilomita themanini kutoka hapo. Msemaji asiyejua historia huumbuka mbele ya watu mia tatu. Ndiyo maana hutafuta mwalimu.

Kazi hiyo zamani ilikuwa ya baba mdogo au mjomba. Sasa hukodiwa. Wazee wa mjini hulalamika kuwa ni uvivu na kupenda fedha, na kwa baadhi ya harusi, zile za suti za kukodi na vinywaji vya mkopo, wana haki ya kulalamika. Lakini wapo wanaokodi kwa sababu hawana mjomba. Chama cha wanafunzi walionusurika, AERG, kilichoanzishwa mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Taifa, kilipanga wanachama wake katika familia: mwanafunzi mmoja akaitwa baba, mwingine mama, wengine watoto, ingawa baba na watoto walikuwa na umri mmoja. Watu wa nje walidhani ni mchezo wa chuoni. Miaka kumi baadaye baba yule alisimama kwenye gusaba na kumtoa binti yake, wakiwa wamepishana miezi minne.

Mwalimu aliwahi kuwa msemaji wa harusi ya namna hiyo. Alikuwa ameandaa mzaha wa kawaida wa kuuliza babu wa bibi harusi yuko wapi aje adai ng’ombe wake. Aliukumbuka akiwa amesimama na kipaza sauti mkononi, akaumeza, akasifu maziwa badala yake. Tangu hapo huenda siku moja kabla kuonana na familia, akauliza nani yupo na nani hayupo.

Shamba la Kanama

Hadi hapo, mtu angedhani huyu ni mwalimu aliyepanga mambo yake vizuri. Yeye mwenyewe hucheka akisikia hivyo. Mwaka ambao mama yake alifariki, alikuwa akifundisha sheria ya mwaka 1999, ile iliyowapa mabinti haki ya kurithi sawa na ndugu zao wa kiume. Ni kipindi anachokipenda, kwa sababu wasichana huamka. Mmoja wao aliinua mkono na kuuliza kama kwao, yaani kwa Mwalimu, dada zao walipata.

“Tuendelee na somo,” alijibu.

Wako wanne: wavulana watatu na dada mmoja, wa tatu kuzaliwa, aliyeolewa Goma. Baba yao alifariki zamani. Shamba la familia liko Kanama, halifiki hekta moja, lina viazi, maharage, migomba michache na mstari wa mikaratusi mpakani. Kwa desturi baba huwagawia wanawe wa kiume sehemu iitwayo umunani wanapooa, na binti huenda kula ardhi ya mumewe. Mama alipozikwa, ndugu watatu waligawana kimyakimya. Sehemu ya Mwalimu ilitoa viazi vizuri msimu huo. Anakumbuka hilo kwa sababu alikuwa akivila wakati akisahihisha insha za wanafunzi kuhusu usawa wa kijinsia.

Dada alipouliza, kaka mkubwa alijibu kwamba ameolewa ng’ambo, na kwamba kumpa ardhi ni kuwapa watu wa Goma. Jibu hilo lilimuuma zaidi kwa sababu ya jambo jingine. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, yeye na watoto wake walivuka usiku na maelfu ya wengine, wakalala nyumbani kwa mama Kanama, ardhi ikitetemeka na kuta za nyumba za Gisenyi zikipasuka. Wiki hiyo hakuna aliyemwita mtu wa ng’ambo. Kaka mkubwa mwenyewe ndiye aliyewabebea magodoro.

Mwalimu alifanya alichozoea kufanya, akatafuta historia. Akagundua kwamba ile desturi ambayo kaka yake aliitetea ilikuwa na vyumba vingi kuliko walivyoambiwa. Kulikuwa na intekeshwa, ardhi aliyopewa binti akiolewa. Kulikuwa na inkuri, zawadi ya binti anayekuja kuonyesha mtoto mchanga kwa wazazi. Kulikuwa na urwibutso, kipande ambacho mzee aliwaachia binti zake wamkumbuke. Kulikuwa na ingaligali kwa ajili ya mwanamke aliyefukuzwa na mume, ili asikose pa kulima. Ardhi ilipopungua na watu kuongezeka, wavulana walivikumbuka vyumba vyao na kuvisahau vya dada zao. Aliyaeleza haya kwa ndugu zake jioni moja. Walimsikiliza kwa adabu, kisha kaka mkubwa akauliza kama hayo yatakuja kwenye mtihani.

Dada hakungoja zaidi. Alipeleka shauri kwa abunzi, kamati ya wapatanishi wa akagari. Abunzi ni wakazi wa kawaida waliochaguliwa na majirani zao kwa uadilifu, hawalipwi mshahara, na hukaa kwenye mabenchi kusikiliza mambo ya mipaka, madeni na mirathi kabla hayajafika mahakamani. Siku ya kusikilizwa walikaa nje ya ofisi, chini ya mti, kuku wakipita. Dada, kwa hasira na mazoea ya miaka kumi na tano, alianza kuzungumza Kiswahili cha Goma.

“Miye pia niko mtoto ya hii nyumba,” alisema.

Waliohudhuria wakacheka, kaka mkubwa akanyoosha mkono kama mtu aliyeletewa ushahidi: mnamsikia? Mama mmoja kati ya wapatanishi akasema ametosheka, ameelewa kila neno, aendelee kwa lugha anayoitaka.

Ilipofika zamu ya Mwalimu aliulizwa swali moja tu, kama ni kweli mama yao hakuacha wosia wa kumnyima binti. Angeweza kusema ndiyo akakaa. Alisema ndiyo, kisha akaongeza kwamba sheria anaijua, kwamba ameifundisha kila mwaka, na kwamba viazi vya msimu uliopita alikula visivyo vyake vyote. Mdogo wao alikubali baada yake. Kaka mkubwa aliondoka kabla ya maamuzi kusomwa.

Shamba lilipimwa kwa kamba, sehemu nne. Ya dada iliangukia upande wa mikaratusi, ambako udongo si mzuri sana, naye hakulalamika. Amepanda maharage na kumwachia jirani amtunzie kwa nusu ya mavuno. Darasani, Mwalimu alimtafuta yule msichana aliyeuliza, lakini alikuwa amekwisha kuhamia shule nyingine.

Kwa mwaka mzima kaka mkubwa hakumsemesha. Walikutana kwenye mazishi, wakapeana mikono kama wageni. Kisha, majuma mawili yaliyopita, binti wa kaka huyo alijifungua mtoto wa kike. Simu ya kaka haikuja kwa Mwalimu. Ilikwenda Goma, kwa dada, ikimwalika siku ya nane, maana mama mzazi amesisitiza watoto wale ubunnyano kama zamani. Mwishoni, dada anasimulia, kaka alikohoa na kusema: mwambie na yule mwalimu wako aje.

Mwalimu amekwisha kununua kitambaa cha mtoto pale Mbugangari. Jina la kumpa analo pia. Amekataa kulitaja kwa mtu yeyote, hata kwa mkewe, mpaka watoto watakapokuwa wamesema yao.